Koti la Marehemu Lilinifanya Askofu, Nikamfukuza Nimpendaye

Nina umri wa miaka arobaini na mmoja, naishi Akalla, hapa Stockholm. Waumini wananiita Baba Askofu. Wananipigia magoti niwaombee… Laiti wangejua!

Mimi ni wa ukoo wa mwami, watawala wa kwetu Kivu. Baba mkubwa ndiye aliyeanzisha kanisa letu la Wakongo na Warundi huku, akawa askofu wake, na wazee wa ukoo wakaliona kama utawala wa nyumbani. Mimi nilikuwa fundi wa lifti tu. Jumapili nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, nikimsikiliza Consolata akiimba kwaya. Alikuwa Mrundi, ameachana na mumewe, na tulikubaliana tuoane kiangazi.

Baba mkubwa akafariki Januari. Makaburini baridi ilikuwa inakata masikio, nami nilikuja na jaketi jepesi. Shangazi akanivika koti la marehemu.

Kwetu, anayevikwa koti la marehemu kaburini ndiye mrithi wa kiti chake. Nilijua! Lakini nilidhani mambo hayo tuliyaacha Kivu. Nilikuwa natetemeka, nikafunga vifungo vyote… Nilipoinua kichwa, wazee walikuwa wananipigia makofi.

Niliwaambia sijawahi kusikia wito wowote. Shangazi akawa mkali.

"Umevaa koti ya Askofu mbele ya watu, weye! Imekwisha. Unataka tuchekwe?"

Nikasimikwa. Nikawa nahubiri huku nikiangalia mlango.

Haikupita miezi miwili, wazee wakaja na barua. Askofu haoi mwanamke aliyeachika, walisema, na kwa kuwa Consolata hataki kuniacha, atengwe na kanisa. Tena niisome mwenyewe madhabahuni! Nikikataa, mama yangu kule nyumbani atafukuzwa kwenye ardhi ya ukoo. Ningefanya nini, ndugu zangu? Ningempigia mama, ningemwambia ukweli, tungetafuta njia. Sikujaribu hata kupiga simu.

Niliisoma yote, hadi jina lake. Consolata alivua joho la kwaya, akalikunja vizuri, akaliweka kitini, akatoka. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na waumini wakadhani ni Roho!

Mwaka jana nilimfuata Jordbro, kitongoji alikohamia. Njia nzima kwenye treni nilipanga maneno: nisamehe, navua uaskofu, twende zetu. Akafungua mlango. Zamani aliniita Deo.

"Bwana asifiwe, Baba Askofu," alisema, akainamisha kichwa. "Umekuja kuniombea?"

Nikainua mkono… nikamwombea! Akaitikia amina, akafunga mlango polepole.

Wasomaji wenzangu, ukivishwa heshima ambayo moyo wako hauitaki, ivue palepale, mbele ya watu wote, hata wakikucheka. Kicheko kingeisha siku ile ile. Mimi Jumapili hii nafungisha ndoa ya vijana wawili wanaopendana, na nitawauliza kama kuna anayewalazimisha.