Namba 0417 ya Mtaa wa Hlalani

Mimi, Zimkhitha Ngcukana, mwanafunzi wa bweni, mwenye alama nzuri za hesabu na alama zisizosemeka za tabia, nawatangazia wananchi wote wa Gqeberha kwamba mtaa wa Hlalani umejengwa upya kwa jitihada zangu.

Nilimsomea Bibi sentensi hiyo. Akaniambia niifute. Alisema mtaa ulijengwa kwa fedha za serikali, kwa mikono ya mafundi, na kwa watu waliokaa mikutanoni mpaka miguu ikafa ganzi. Mimi sikubeba hata tofali moja. Sentensi nimeiacha kwa sababu nilihangaika nayo sana. Lakini mkweli ni Bibi.

Basi nianze upya.

Bibi yangu ni Nowinile Ngcukana. Majirani humwita MaMpinga, kwa jina la ukoo wake. Alikaa Hlalani miaka ishirini na miwili, katika kibanda cha mabati chenye chumba kimoja na pazia. Pazia ndilo lililofanya kazi ya ukuta. Kila asubuhi alikaanga maandazi, akaenda kuyauza kwenye lango la shule ya msingi. Bomba la maji lilikuwa moja kwa vibanda arobaini. Watu waliacha ndoo zao zipange foleni, wao wakaenda shughuli zao. Choo nacho kilikuwa ndoo. Mvua za baridi zilipokuja, maji yalipita chini ya mlango. Bibi aliweka viatu vyake juu ya meza, akalala huku akisikiliza.

Kisha walikuja watu wa manispaa na kopo la rangi nyeusi. Waliandikisha kila kaya katika daftari: jina, kitambulisho, watu wangapi ndani. Halafu wakachora namba kwenye ukuta wa kila kibanda. Bibi alipata 0417.

Desemba ya mwaka huo, kaka yangu Ayabulela alitoka jandoni. Kwetu kijana akitoka jandoni, nyumba haimpokei na uso wa jana. Lazima ipakwe rangi. Hakuna anayeuliza kama ni nyumba ya tofali au ya bati. Bibi alinunua rangi ya bluu, akanikabidhi brashi. Nilipaka kila kitu kilichosimama. Ngoma zikachezwa, makande yakaliwa, pombe ya mtama ikanywewa. Hata MaDlomo wa kibanda cha jirani alikuja, akala, akaondoka bila kumsalimu Bibi. Walikuwa hawajasemezana miaka mitatu, kwa ajili ya kamba ya kuanikia nguo.

Hakuna aliyeikumbuka namba. Ilikuwa chini ya rangi.

Nilirudi nyumbani likizo ya Pasaka. Diwani aliitisha mkutano. Alisema serikali imetoa fedha za kuujenga upya mtaa wetu, palepale ulipo. Kwanza mabomba, maji taka na barabara. Kisha umeme. Kisha nyumba za matofali, kwa awamu. Kinamama wakapiga vigelegele.

Siku mbili baadaye wakapita wahakiki wenye kamera na daftari. Kwenye mlango wa Bibi walibandika karatasi nyekundu. Nilimsomea. Ilisema kibanda hiki hakina namba. Mwenyewe afike ofisini katika siku kumi na nne. Asipofika, kiwanja kitahesabiwa kuwa kitupu. MaDlomo naye alibandikiwa karatasi nyekundu. Hakuna aliyesema anajua kwa nini.

Bibi alikaa chini. Ilikuwa saa ya maandazi, na sikuwahi kumwona Bibi amekaa saa hiyo.

Ushauri ukaja mwingi. Wa mwisho ulitoka kwa kinyozi wetu, Baba Velaphi. Alisema mzee Nkohla amefariki na kibanda chake kiko kitupu. Bati lenye namba bado lipo. Si kulibandua tu na kulipigilia kwa Bibi? Marehemu hatalalamika.

Bibi akaniomba nyundo.

Alikuwa ameishika mkononi wakati Dada Nosiviwe alipopita. Dada Nosiviwe Gqamana ndiye afisa jamii wa mradi. Huvaa mabuti ya mpira hata siku za jua, kwa sababu anaijua mitaro yetu.

"Mama, hiyo nyundo ni ya nini?"

"Ya kujengea," Bibi akasema.

"Unajenga nini?"

"Namba."

Dada Nosiviwe hakucheka. Aligeuza kreti la soda, akalikalia.

"Mama, namba ni ya kumwonyesha mhakiki njia tu. Namba haipewi nyumba. Nyumba anapewa mtu aliyeandikwa daftarini. Ukipigilia namba ya Nkohla, daftari litasema wewe ni Nkohla, na Nkohla tumemzika. Watoto wake watakosa haki yao. Na wewe utafutwa kwa kudanganya."

Bibi akaiweka nyundo chini. "Kwa hiyo rangi ya jando imeninyang'anya nyumba."

"Imekuficha tu. Jina lako lipo. Kazi iliyobaki ni kuthibitisha kwamba jina hilo linakaa hapa."

Akatuambia vitu vya kupeleka ofisini: kitambulisho, kadi ya kliniki yenye anwani, na fomu ya rufaa iliyojazwa vizuri. Pia majirani wawili waliokuwepo siku ya kuandikishwa, waape kwamba hapa ndipo kwa MaMpinga.

Bibi alipopata pumzi, alianza kumhoji kama polisi. Kwa nini fedha zinaanza kuzikwa chini ya ardhi kwenye mabomba, wakati watu wanalala kwenye maji? Dada Nosiviwe akamjibu kwamba nyumba isiyo na maji wala choo ni kibanda cha tofali. Na bila barabara, siku ya moto gari la zimamoto litasimama wapi? Sote tunaukumbuka moto uliowahi kuunguza vibanda vya upande wa juu.

Je, mtu ambaye kibanda chake kimekaa pale panapopita barabara? Atahamishwa kwa muda, Dada akasema, lakini kwa barua. Barua iwe na jina lake, mahali atakapokaa, na kiwanja atakachorudia. Asiye na barua asifunge hata godoro. Na mtu asiuze nafasi yake. Mnunuzi hamo daftarini, kwa hiyo anapata hasara. Muuzaji naye haandikwi mara ya pili.

Ikabaki habari ya mashahidi. Baba Velaphi alikubali upesi, nadhani kwa aibu ya nyundo. Wa pili alitakiwa awe jirani wa ukuta kwa ukuta. Upande mmoja wa Bibi ni mtaro. Upande wa pili ni MaDlomo.

Bibi alizunguka kibanda mara mbili. Kisha akasimama kwenye kamba ya nguo.

"MaDlomo."

"Kumbe leo nina jina."

"Nahitaji ulimi wako ofisini."

"Miaka mitatu unasema ulimi wangu mrefu."

"Ndio huohuo. Utafika mpaka ofisini."

MaDlomo alijaribu kununa, ikashindikana. Akasema atakwenda, maana naye ana karatasi nyekundu ya kwake. Ila kamba ya nguo ni yake, na hilo liandikwe.

Ofisini tulimkuta karani Fortuin, mtu mpole mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani. Alimsikiliza Baba Velaphi. Alimsikiliza MaDlomo, ambaye aliapa mpaka akaambiwa inatosha. Kisha akaweka picha mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa kibanda cha Bibi, bluu tupu. Ya pili ilikuwa banda la kuku la MaDlomo. Kwenye mlango wake mdogo, kwa rangi ya bluu, iliandikwa 0417.

Karani alieleza taratibu. Mtu fulani alihamisha namba. Mara nyingi watu hufanya hivyo ili wapate nyumba mbili. Mpaka hapo atakapojulikana, faili la MaMpinga na la MaDlomo yote yatakaa hapo mezani, na awamu ya kwanza itawapita.

Wazee wale wawili wakageukiana. Miaka mitatu ilirudi kwa mara moja.

"MaDlomo, kuku wako wanaomba nyumba?"

"Rangi ya nani hiyo, MaMpinga? Mimi nina rangi ya bluu?"

Jambo likaelezwa. Karani akaandika. Mafaili yote mawili yakapita.

Kazi ilianza wakati wa baridi. Mitaro ilichimbwa, mabomba yakalazwa. Bibi alihamishiwa kwa miezi minane kwenye vyumba vya muda karibu na uwanja wa mpira. Barua yake aliitunza kifuani. Aliipokea akiwa hajui kuisoma. Alijiandikisha darasa la jioni, na kabla ya kurudi aliweza kusoma jina lake, namba ya kiwanja, na neno "kurudi".

Alirudi. Leo ana vyumba viwili, jiko, choo cha ndani na bomba lake. Mtaa una jina kwenye nguzo, na gari la wagonjwa linaupata bila kuuliza kwa kinyozi. Si wote waliojengewa. Wa awamu ya pili bado wanasubiri, na Bibi huenda kwenye mikutano yao kuwakumbusha kwamba asiye na barua asifunge godoro. Mvua ya kwanza iliponyesha, viatu vyake vilibaki sakafuni. Alichelewa kuamka, watoto wa shule wakaingia darasani bila maandazi.

Hapo ndipo nilipotaka kumaliza. Dada Nosiviwe alikuwa ameniomba niandike habari hii kwa ajili ya darasa la jioni. Nikampa. Yeye akampa MaDlomo aisome kwanza, kwa kuwa sasa MaDlomo anasoma, polepole, kwa kidole. Alikuja mpaka jikoni kwa Bibi, na kidole kimesimama mahali pamoja.

"'Jambo likaelezwa,'" akasoma. Akarudisha kidole, akasoma tena. "Likaelezwa na nani?"

Nikamwambia hiyo ni lugha ya vitabu.

"Mimi nilikuwepo. Vitabu havikuwepo. Andika."

Haya.

Siku ile ya Desemba, rangi kidogo ilibaki kwenye brashi. Niliiona namba kabla sijaifunika. Nikaona itakuwa mzaha mkubwa kama kuku wa MaDlomo watakuwa wakazi halali wa manispaa. Nikaruka kamba ya nguo, nikaandika. Sikujua kwamba namba ina maana. Hapana, hilo nalo si kweli. Nilijua, ila nilicheka kwanza.

Pasaka, nilipoziona karatasi mbili nyekundu, nilielewa palepale. Nikamletea Bibi nyundo, nikanyamaza. Nikajaza fomu yake ya rufaa kwa mwandiko mzuri, nikanyamaza. Ningependa kuwaambia kwamba mbele ya karani nilisimama kwa ushujaa. Lakini shuleni kwetu tumefundishwa kuiandika saba na mstari katikati, kama imefungwa mkanda kiunoni. Karani aliitazama picha. Akaitazama fomu. Akashusha miwani ya kichwani juu ya ile ya usoni, akanitazama mimi.

Bibi alikuwa ameshika kitambulisho chake kwa mikono miwili.

"Ni mimi," nikasema. "Bibi hakujua. MaDlomo hakujua. Kuku hawakuomba nyumba. Niliwaombea mimi."