Zile Seli za Chupani

"Dada! Dada, mzigo wako unaungua!"

Ukumbi wa mizigo wa uwanja wa ndege ulifurika watu. Kijana mrefu aliyevaa shati la samawati alimpokonya mtafiti mmoja boksi lililokuwa likifuka moshi, akafungua chupa yake ya maji alizime.

"Thubutu!" mtafiti alimaka. "Hiyo ni barafu kavu. Moshi wake ni wa baridi!"

Watu wakaangua kicheko. Ile sauti nzito mtafiti aliijua. Ilimwamsha redioni kila asubuhi.

"Kumbe mtangazaji ni mwoga hivi?"

"Naogopa vitu viwili tu: moto na warembo. Ndani mna nini?"

"Watoto wangu."

Wakapeana namba, na tangu hapo simu hazikupumzika.

"Nawalisha watoto, mpenzi. Nipigie baadaye."

"Hao watoto wananionea wivu!"

Mchana mmoja, mgahawani, mtangazaji akambana: "Hebu niambie, ni watoto gani?"

"Seli za saratani ya matiti," alijibu, macho yakimng'aa. "Mgonjwa aliyetolewa seli hizo alifariki zamani, lakini chupani bado zinazaana. Nazipa chakula, nazipa joto..."

Mtangazaji akatua kikombe. "Mama yangu alikufa kwa ugonjwa huo."

"Mpenzi, sikujua..."

"Nawe unaulisha. Unauita mtoto."

Akaondoka. Simu za mtafiti hakuzipokea tena, hadi dada yake alipomjia juu: "Adui usiyemjua utampigaje? Mama angekuwa hai, angekwenda mwenyewe kukuposea binti huyo!"

Simu ilipolia tena, aliidaka.

"Njoo maabara. Usiulize, njoo tu!"

Alimkuta mlangoni, koti jeupe, kilemba cha njano kimelegea, hatulii. Akamvuta hadi kwenye hadubini.

"Hizi hazikupewa dawa tunayoijaribu. Unaona zilivyosongamana? Sasa tazama hizi."

Zilikuwa zimesinyaa, zinaelea ovyo.

"Zimekufa?"

"Kufa kabisa! Tumerudia, zimekufa tena!"

"Kwa hiyo dawa imepatikana?"

"Bado. Chupani si mwilini, safari ni ya miaka. Lakini bila kuzilisha, tungeijaribu wapi?"

Mtangazaji hakuinua uso haraka; machozi yalikuwa yanamtoka.

"Nisamehe, laazizi."

"Nami nisamehe. Nilitania palipouma."

Akajifuta macho. "Kwenu wanapokea wageni Jumamosi?"

"Wageni gani?"

"Dada yangu na wajomba. Wanakuja kuposa."

Mtafiti alipiga kigelegele hadi mkuu wa maabara akachungulia.

"Kuna nini? Majibu yameharibika?"

"Hayajaharibika, mkuu!" alisema, amemng'ang'ania mtangazaji shingoni. "Ila Jumamosi siji kazini!"