Sura ya Suzan kwenye Ukuta wa Kinyozi

Picha ya kwanza ilitoka na mdomo uliofumbwa. Clotilda akaitazama simu, akautazama ukuta wa kibanda cha Fabiani kinyozi. Pale ukutani mwanawe alikuwa anacheka, meno yote nje, vile vile alivyochorwa na mjomba wake Ildefonce.

Tangu asubuhi alikuwa akizunguka senta ya Nemba kupiga picha michoro ya huyo mdogo wake: fahali wa buchani, cherehani ya fundi, simba wa kwenye baa. Barabara inapanuliwa, kesho vibanda vyote vinabomolewa. Lakini tusidanganyane, fahali na simba walikuwa kisingizio. Alimtaka Suzan, aliyekufa kwa nimonia mwezi uliopita akiwa na miaka minne, hajawahi kupigwa picha hata moja. Sura yake ilibaki kwenye ukuta ule tu, na chini yake jina kwa herufi nyekundu.

Akapiga ya pili. Safari hii mtoto alikuwa amegeuza shingo kumtazama. Ikamjia harufu ya rangi mbichi, ilhali rangi ilikauka wiki tatu zilizopita, na ndani ya simu kikasikika kikohozi chembamba, kile kile cha wodini.

Alikwenda mbio kwa bibi Adelfina, mganga anayekaa nyuma ya soko.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Matanga mmeshaanua?"

"Bado. Tunamsubiri baba yake."

Bibi akashusha sauti. "Jina la marehemu halitajwi kabla ya kuanua matanga. Ninyi mmeliandika barabarani, kila anayenyolewa analisoma kutwa nzima. Mmeita na kuita. Mwanao amelala, hawezi kuja. Kimekuja kingine kilichosikia."

"Nifanye nini?"

"Ukuta kesho unaanguka. Kitabaki kwenye simu yako. Futa. Na kikikuita usiitike, ukiitika umekikaribisha."

Clotilda akajibanza nyuma ya ghala, jua la saa saba likimchoma na mgongo wake ukiwa wa baridi, akafungua picha, kidole tayari kufuta, na mtoto aliyekuwa mbali akawa karibu, kisha karibu zaidi, mpaka uso ukajaa kioo chote na midomo ikafunguka taratibu.

"Mama. Usinifute, mama."

Hapo akajua kwa hakika kwamba si yeye. Suzan hakuwahi kumwita mama. Alikua akimsikia mjomba wake akisema dada, naye akashika hilo hilo, Dada, mpaka pumzi ya mwisho. Clotilda alimbembeleza, alimkaripia, wapi. Mtoto aliondoka na neno lile halijasemwa, na hilo lilimuuma kuliko alivyoweza kumweleza mtu.

Akarudi kwa bibi.

"Umefuta?"

"Nimefuta, bibi."

Njiani aliitoa simu kwenye kitenge, akaiweka sikioni kama mtu aliyepigiwa.

"Mama?"

"Abee, mwanangu," akaitika, machozi yakimtiririka. "Twende nyumbani."