Madume ya Chuma ya Msitu wa Mianzi

Madume bandia yalianza kuimba kabla jua halijachomoza juu ya milima ya Himalaya. Kila moja lilienea kiganjani, likiwa limevikwa manyoya ya kahawia yaliyofumwa maabara. Kifuani lilikuwa na kizumari cha chuma kilichoiga bila kosa wimbo wa kurumbiza wa mianzi, ndege mdogo aliyebakiwa na majike peke yao. Jike akivutika, mashine ilimpandikiza mbegu iliyohifadhiwa kwenye barafu, kisha ikabaki kwenye tawi la jirani ikimwimbia.

Mbunifu wa mashine hizo, Dakta Mkawasi Mghanga, alipanda mlima pamoja na mtafiti mwenzake, Pema, mzaliwa wa bonde la chini yake. Ishara za mashine, zilizopokewa kwa setilaiti, zilikuwa zimeonyesha viota tele. Asubuhi hiyo kamera-ruka yao, iliyopaa ikiwafuata, ingewaonyesha walimwengu moja kwa moja makinda wa kwanza.

Pema alifunua majani ya mianzi, akaruka nyuma kama aliyeumwa na nyoka.

"Dada Mkawasi! Njoo!"

Jike alikuwa amelalia mayai yake, mabawa ameyatandaza. Mkawasi alimgusa. Alikuwa mkavu, mwepesi kama ganda la karanga. Wakakimbilia kiota cha pili, cha tatu. Kote hali ilikuwa ile ile.

"Njaa," Pema alisema. "Akiatamia, dume ndiye humletea wadudu."

"Lakini tulikubaliana kwamba akizidiwa na njaa atatoka mwenyewe kujitafutia!"

"Angetokaje? Huo wimbo humwambia jike kwamba dume yuko njiani na chakula. Sisi tumemwimbia mchana kutwa."

Juu ya vichwa vyao mashine ziliendelea kuimba, tamu kupita kiasi. Mkawasi aliziba masikio.

"Zizime! Zizime zote, Pema!"

Msitu ukawa kimya, hata matone ya ukungu yakasikika yakidondoka. Ndipo sauti ya mkurugenzi wa matangazo ikatoka kwenye kamera-ruka, imejaa furaha: "Dakta, mko hewani! Watoto wa shule wanasubiri kuona makinda."

Pema alinyoosha mkono kwenye swichi ya kamera. "Niikate?"

Mkawasi alitikisa kichwa. Alikibeba kiota kilichokuwa mbele yake kwa mikono miwili, akakisogeza mbele ya kamera.

"Wanangu, naitwa Mkawasi," alisema. "Ndege hawa nimewaua mimi. Msigeuze macho. Nitawaeleza nilivyofanya."