Sauti Isiyopasuka

Gari lilikuwa limezimwa na ufunguo ulikuwa mkononi mwa dada mdogo wa fundi, lakini spika bado zilikuwa zinavuma.

Fundi alisimama mlangoni mwa karakana akasikiliza. Mtaa mzima ulimwita Sikio, maana alifunga muziki wa magari kwa kusikiliza tu, bila kipimo chochote, na kwa majigambo hakuwa na mpinzani. Mvumo ule ulikuwa mwembamba, ssss, kama sufuria inayokaribia kuchemka. Alijiambia ni waya tu, ingawa hakujiamini.

"Imeanza lini?" aliuliza.

"Tangu tumzike baba watoto."

Gari lilikuwa la marehemu shemeji yake. Dada mtu alikuwa amekonda, macho yamezama, na mkobani mwake ilichungulia bisibisi ndogo yenye mpini mwekundu. Fundi alifungua buti akainama kwenye amplifaya, kile kisanduku cha kukuza sauti. Skrubu ya geini, inayopanga nguvu ya sauti iendayo kwenye spika, ilikuwa imepandishwa karibu na mwisho.

"Nani kagusa hapa?" alifoka. "Jamani, nyie watu mtaniua! Geini si ya kuongeza kelele. Redio unaiweka robo tatu, unapiga muziki, unapandisha geini polepole mpaka sauti ianze kupasuka, halafu unarudi nyuma kidogo. Basi. Ukizidisha, unaunguza spika."

"Ni mimi," alinong'ona dada yake. "Ananiambia niongeze."

"Nani?"

"Kaka, usiishushe. Mume wangu yumo humo."

Fundi alitaka kucheka, akaishia kunusa. Buti lilikuwa limeanza kunuka nywele zilizoungua. Alichomoa nyaya zinazoleta sauti kutoka kwenye redio, na hapo spika yoyote yenye adabu ingenyamaza. Mvumo uliendelea, na ndani yake mtu akavuta pumzi.

"Shemeji," ikasema sauti. "Ongeza kidogo."

Ilikuwa sauti ya marehemu hasa, na kile kikohozi chake cha sigara. Mazoea ya kazi hayamwachi mtu hata akiogopa, kwa hiyo fundi alifanya alivyofanya kila siku, akabandika sikio kwenye spika ya nyuma, akaingiza bisibisi, akapandisha geini taratibu, akisubiri sauti ipasuke kama zinavyopasuka sauti zote, na haikupasuka, ilizidi kuwa safi, kikohozi kikayeyuka, uchovu wa shemeji ukayeyuka, mpaka ikabaki sauti laini isiyo na umri, isiyopumua, iliyokuwa inamngoja.

Aliruka nyuma jasho likimtoka.

"Si yeye," alisema. "Sauti ya mtu ukiizidisha inapasuka. Hii inazidi kutakata. Inataka uifikishe mwisho itoke."

"Kaka, nakuomba." Alikuwa amemshika mkono kwa nguvu zote. "Sina kingine kilichobaki kwake."

Fundi alimwangalia na moyo ukamuuma. Huyu ndiye mdogo wake ambaye yeye alimbeba mgongoni mama yao alipofariki, na sasa alikuwa anakauka mbele ya macho yake. Alirudisha sikio kwenye spika ili ahakikishe sauti imekufa kabisa, akaanza kushusha.

"Haya, shusha," ikasema sauti, kwa upole, sikioni mwake kabisa.

Alipaswa kujiuliza kwa nini imekubali upesi hivyo. Hakujiuliza. Aliteremsha geini mpaka chini, akang'oa amplifaya, akaipondaponda kwa nyundo. Dada yake alilia mpaka akapitiwa na usingizi kwenye benchi, na fundi akamfunika koti lake akijiona kamwokoa.

Kweli, dada alianza kula, rangi ikamrudi. Fundi ndiye aliyeanza kusikia ssss katika sikio la kushoto. Alisingizia kelele za kazi, alisingizia umri. Mto wake ukaanza kunuka nywele zilizoungua, akabadilisha foronya, harufu ikabaki, na hakumwambia mtu.

Mchana mmoja dada alimletea chai karakanani. Aliinama kumpa kikombe, akasita. Polepole akasogeza sikio lake mpaka likagusana na la kaka yake, na uso ukamchanua kama siku ya harusi yake.

"Kaka, tulia," alinong'ona. "Namsikia."

Ndani ya kichwa cha fundi mtu alivuta pumzi, akakohoa kikohozi cha sigara. Fundi alitaka kuinuka, miguu ikakataa. Alitaka kupiga kelele, mdomo ukakataa pia.

"Anasema sauti yake haifiki vizuri," alisema dada. Kwa mkono mmoja alimlaza kichwa mapajani mwake, sikio la kushoto juu, kwa upendo, kama kaka yake alivyowahi kumlaza yeye utotoni. Mkono wa pili ulitoka mkobani na bisibisi yenye mpini mwekundu.

"Usiogope, kaka. Nitaongeza kidogo tu."