Mstari Mwekundu Uliopinda Kushoto

Sanduku la kioo lilikuwa tupu. Halikuvunjwa. Kufuli lake lilifunguliwa kwa ufunguo na kufungwa tena taratibu, kama mtu anavyofunga kabati lake mwenyewe.

Inspekta aliinama akachungulia. Saa ya mkononi ya rubani ilikuwepo. Viatu vya abiria vilikuwepo. Kilichoibwa ni ramani peke yake: karatasi kuukuu yenye mstari mwekundu, njia ya ndege iliyogonga mlima miaka ishirini na miwili iliyopita na kuua wote arobaini na mmoja waliokuwamo.

"Nani ana ufunguo?"

"Mimi tu, afande," alijibu mtunza ukumbi wa kumbukumbu, mzee mkimya aliyekuwa mwongoza ndege kabla ya kustaafu. "Lakini huwa nautundika mlangoni. Yeyote angeweza kuuchukua."

"Jana alikuja nani?"

"Hakuna. Watu huja siku ya kumbukumbu tu. Siku nyingine nabaki na hawa." Alionyesha picha za marehemu ukutani.

Inspekta, ambaye naye kila jioni alirudi kwenye nyumba isiyo na mtu wa kumuuliza ameshindaje, alimwelewa kuliko alivyopenda.

Mezani kwa mzee palikuwa na barua iliyofunguliwa. Mjane wa rubani aliomba ramani ichunguzwe na wataalamu. Inspekta alimfuata kwake mchana uleule. Alimkuta sebuleni: viti sita, kikombe kimoja.

"Kwa nini ulitaka ichunguzwe, mama?"

"Ripoti ya ajali ilisema mume wangu aligeuza ndege kwa kujiamulia. Mwaka jana niliipiga picha ile ramani, binti yangu akaikuza. Tazama."

Pale mstari ulipopinda palikuwa na maandishi ya penseli, madogo kama sisimizi: *Nimempa kushoto, 16:12.*

"Nani anajua una picha hii?"

"Mimi na binti yangu. Kwenye barua sikuitaja."

Inspekta alirudi ukumbini akafungua daftari la wageni, ambalo mzee hujaza tarehe kwa mkono wake. Tarakimu 2 ya yale maandishi ya penseli ilikuwa na kitanzi chini. Kila 2 ya daftarini ilikuwa na kitanzi kilekile.

"Mzee, siku ya ajali nani alikuwa zamu?"

"Mimi."

"Tume ya uchunguzi ilipokuuliza kama ulimwamuru rubani ageuke?"

"Nilikana."

Inspekta aliweka mezani picha ya ramani aliyopewa na mjane. Mzee aliitazama, akavua miwani.

"Nilikuwa na ndege mbili kwa mpigo, nikazichanganya. Ile nyingine ndiyo ya kwenda kushoto. Rubani aliniuliza, 'Una hakika?' Nikamwambia, geuka."

"Kinasa sauti?"

"Kilikuwa kibovu. Ushahidi ulikuwa karatasi ile tu, na wakubwa waliichukua mezani kwangu siku ileile. Walipoiweka hapa, niliomba kazi ya kuilinda."

"Ufunguo ulikuwa wako. Kwa nini hukuyafuta maandishi?"

"Kila nikishika kifutio nilimsikia: 'Una hakika?'" "Barua ilipofika, nikaingiwa na woga. Ramani iko nyumbani, chini ya godoro. Haina hata mkunjo."

Akatia saini maelezo ya kukiri bila kuyasoma.

Kabla jua halijazama, Inspekta alikuwa tena kwa mjane. Alimweleza yote: mume wake alitii amri, na jina lake litasafishwa. Alitegemea machozi, au hasira.

"Ni yule mzee wa ukumbini?" mjane aliuliza.

"Ndiye."

"Miaka yote, siku ya kumbukumbu, nikikaa wenzangu wanahama. Eti mume wangu aliwaulia watoto. Yule mzee ndiye pekee aliyekuja kukaa kando yangu." "Nilidhani nina rafiki mmoja."

 Inspekta alivuta kiti, akakaa kando yake.