Magunia ya Kuazima

Kila asubuhi Elsie alifungua ghala la mpunga la kijiji cha Hewani, akafagia kizingiti, kisha akaandika namba kwenye ubao wa mlangoni. Namba hiyo ilikuwa hesabu ya magunia yaliyomo ndani. Ghala lilikuwa la kikundi cha wakulima. Baada ya mavuno kila mwanachama alileta mpunga wake, akapewa risiti, akarudi nyumbani na amani yake.

Msomaji wa kwanza wa ubao alikuwa jirani yake, Kahaso, mjane anayelea wajukuu watatu. Kahaso alijifunza kusoma mwaka jana tu, katika darasa la watu wazima pale kanisani, na aliyemfundisha ni Elsie. Basi alisimama mbele ya ubao, akapitisha kidole, akasoma kwa sauti hata waliokuwa mtoni wakasikia.

"Themanini na sita. Nimepata, mwalimu?"

"Umepata, mama," Elsie alijibu, wote wawili wakacheka.

Siku zile redio ilisimulia habari za kampuni moja kubwa ya mjini. Wakubwa wake waliandika mali isiyokuwepo, na watu waliowaamini wakapoteza akiba zao. Elsie alisikiliza akichambua mboga, akasonya. Alisema watu wanaovaa tai hawana haya.

Haukupita muda, injini ya mashine ya kikundi ya kukoboa mpunga ikafa. Mwenyekiti wa kikundi, Levi, hakuita mkutano. Alitoa magunia thelathini ghalani, akayauza mjini Garsen, akanunua vipuri. Alimwambia Elsie asiguse ubao. Mashine ikianza kazi italeta pesa, alisema, na magunia yatarudi kabla mtu hajauliza. Levi hakuwa mwizi. Hakutia hata shilingi moja mfukoni, ndiyo maana Elsie alishindwa kumkatalia. Ndani yalibaki magunia hamsini na sita. Ubao ukaendelea kusema themanini na sita.

Kisha ikaja habari kwamba Dorothy, afisa wa ushirika, anakuja kukagua. Levi hakutetereka. Hapa kwetu, alisema, mtu akipata wageni haaibiki. Jirani mmoja humpa sahani, mwingine viti, mwingine birika. Wageni wakiondoka, kila kitu hurudi kwa mwenyewe, na hakuna anayeitwa mwongo. Magunia nayo ni vivyo hivyo. Alikuwa tayari amezungumza na kikundi cha Ozi, kijiji jirani kando ya mto, nao wangewaazima thelathini kwa siku moja.

Elsie alinyamaza. Kunyamaza kule kulimuuma baadaye kuliko neno lolote alilowahi kusema.

Boti ya Ozi ilileta magunia alasiri, watu wakiwa mashambani. Kesho yake Dorothy aliyahesabu, akitia alama ya chaki kwenye kila gunia. Akapata themanini na sita. Elsie akatia sahihi. Dorothy alipoondoka, magunia yakarudi Ozi.

Siku mbili baadaye mchuuzi mmoja alipita Hewani akinunua mpunga kwa bei nzuri. Kahaso alikuwa na magunia mawili ya mbegu nyumbani kwake. Akaja kwanza ghalani, akausoma ubao, akafikiri.

"Mwalimu, yule mjukuu wangu amefukuzwa shule, karo. Nikiuza ile mbegu ya nyumbani, si ninayo nyingine humu stoo?"

Elsie alijua hesabu vizuri. Msimu wa kupanda ukifika, wote wangekuja na risiti zao, na wa mwisho wangekuta sakafu tupu. Angeweza kumwambia asiuze. Lakini angeulizwa sababu.

"Si unauona ubao mwenyewe, mama," alisema.

"Nauona. Nashukuru siku hizi nasoma."

Kahaso akaenda, akauza. Elsie akaingia ndani, akaketi juu ya gunia. Alijionea aibu. Aliona haya hata kutoka nje kwenda kununua chumvi. Alikuwa amemfungua mama wa watu macho, kisha akampa uongo asome.

Njia ya mwongo ni fupi. Ya Elsie iliishia Ozi. Jumatatu Dorothy alirudi Hewani bila kutoa taarifa, akamkuta Elsie peke yake ghalani. Alisema ametoka kukagua Ozi, na huko amekuta magunia thelathini yenye alama za chaki yake mwenyewe.

Elsie hakusubiri swali. Alisema yote: injini, boti, sahihi yake. Alitaja na zile sahani na viti vya wageni, na maneno hayo yakamtoka kwa shida, kwa sababu sasa aliyasikia yalivyo.

Dorothy hakupandisha sauti. "Sahani ya kuazima, mgeni anakula na anashiba kweli," alisema. "Gunia la kuazima linamshibisha nani? Mimi sina mpunga humu, dada. Hesabu hii si ya kunifurahisha mimi. Ni ya wenye mpunga."

"Wale wa kwenye redio nao walianza hivi?"

"Wengi huanza hivi. Panatokea pengo, mtu anaona aibu kulisema, analifunika. Mwaka wa pili pengo limekua, na yeye bado anafunika."

Akamweleza taratibu. Kutengeneza injini hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kuwaficha wenye mali. Wangeitwa mkutanoni, wakubali au wakatae. Magunia yakiuzwa, yaandikwe kuwa yameuzwa, na pesa ziandikwe zimefanya nini. Mtu asiye kiongozi ahesabu pamoja na mtunza ghala. Na yeye Elsie asitie sahihi kitu ambacho si mali ya kikundi, hata akibembelezwa vipi.

Elsie alichukua kitambaa, akafuta ubao. Akaandika hamsini na sita. Alikuwa bado ameshika chaki Kahaso alipofika. Kahaso akapitisha kidole. Akapitisha tena.

"Hamsini na sita," alisema polepole. "Mwalimu, nimekosea wapi?"

"Hukukosea, mama. Nimekosea mimi. Uliponiuliza habari ya mbegu, nilijua, nikakuacha uuze."

Kahaso hakumtukana. Alijifunga leso yake vizuri, akaondoka.

Mkutano ulikuwa mgumu. Elsie alisimama mbele ya watu, akasema jina lake na kosa lake. Levi aliinamisha kichwa. Alitoa magunia kumi ya nyumbani kwake, na watu wakamvua uenyekiti. Mpunga uliobaki uligawanywa kulingana na risiti, kila mtu akakosa kidogo badala ya wachache kukosa kabisa. Watu wa Ozi, waliokuwa na aibu yao pia, wakawakopesha mbegu. Safari hii deni liliandikwa kwenye ubao uleule, na kila apitaye akalisoma.

Kahaso alipata mbegu, akapanda. Mavuno yalipofika, kikundi kililipa deni la Ozi lote. Mashine ilikuwa inakoboa, na watu wakaanza tena kuleta mpunga ghalani, kwanza gunia mojamoja, halafu kwa mikokoteni. Elsie waliendelea kumwachia ufunguo. Msaidizi wa kuhesabu wakamchagua Kahaso.

Sasa kila asubuhi Elsie huandika namba, kisha husimama mlangoni.

"Nimepata, mama?" huuliza.

Kahaso hamjibu papo hapo. Huingia ndani, akagusa gunia moja baada ya jingine mpaka la mwisho kule ukutani. Ndipo hutoka.

"Umepata, Elsie," husema.

Hamwiti mwalimu tena, na Elsie hajathubutu kumuuliza kwa nini.